Treni Iliyomkataa Mama Mapasa

Nilipokuwa mtoto kule Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mjini Kisangani, nilidhani mama yangu hana jina. Tangu alipotuzaa mimi na kaka yangu Asani siku moja, mtaa mzima ulimwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, na cheo hicho hakikuwa cha mchezo. Mapacha hawagombezwi ovyo. Ukimpa mmoja ndizi, mwingine naye apate yake. Wakiudhika, chungu hakichemki na mvua inavunja arusi ya watu. Habari hizi tulizijua mapema, na tulizitumia vizuri sana kujipatia maandazi.

Mwaka mmoja babu, baba yake mama, alifariki kijijini kwao, kijiji kidogo juu ya mlima karibu na reli ya Ubundu. Nauita mlima, ingawa mtu wa Kivu, kwenye milima ya kweli, angeucheka. Habari ilitufikia mzee akiwa ameshazikwa, maana treni siku hizo ilikwenda ilipojisikia. Pamoja na habari lilikuja neno la tonton, kaka mkubwa wa mama: siku ya kuanua matanga ukoo wote ukae mkekani, na atakayekosa ndiye anayejua mzee alikufa na nini. Hakuna mtu mzima wa kwetu ambaye hangeelewa. Mama asipofika, ataitwa mchawi aliyemla baba yake mwenyewe, na mlango wa kwao utafungwa kwake na kwetu sisi watoto wake.

Siku ya safari Asani akaamka na surua. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyebaki kumuuguza. Mama akaamua kwenda nami, ili surua isinikute na mimi.

Bibi alisimama mlangoni. "Mapasa haitembeake nusu-nusu," alisema. "Ukipeleka moja, ingine itavuta kamba."

"Mama, baba yangu amekufa," mama akamjibu. Akanishika mkono tukatoka.

Behewa lilijaa mbuzi, magunia na harufu ya samaki wa kukausha. Nilikaa juu ya bunda letu, nikifurahi kuliko inavyompasa mtu anayekwenda msibani. Jua lilikuwa halijafika kati treni iliposimama katikati ya msitu. Hakuna stesheni, hakuna nyumba. Mafundi walishuka, wakagonga huku na kule, wakapanda, wakashuka tena. Joto likazidi na watu wakaanza kununa.

Ndipo mwanamke mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa amelala tangu Lubunga, akaamka na kumwona mama. "Eh, Mama Mapasa! Kumbe tuko pamoja!" Alisalimia kwa wema tu, maskini. Lakini behewa zima liligeuka kunitazama, kisha likatazama pembeni yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Mwenzake iko wapi?" akauliza mfanyabiashara mmoja aliyevaa suti ya abakosti na kutokwa jasho.

"Iko kwa nyumba, anagonjwa," mama akasema.

"Alors, ndiyo ile! Ule mwingine anafunga treni!"

Sikuwahi kuogopwa na watu wazima namna ile. Mama mmoja alimvuta mtoto wake mbali nami. Wengine walisema niombewe, wengine wakasema turudi. Mfanyabiashara alikuwa na haraka na mizigo yake. "Mama, tunakuomba, shuka na mutoto wako. Watu wengi wako humu." Kondakta alikuja, akasikiliza, akaangalia viatu vyake. Hakutufukuza, wala hakututetea.

Nilimngoja mama apige kelele, kwa kuwa ulimi alikuwa nao, Lubunga nzima inajua. Lakini alifunga kitenge kiunoni, akajitwika bunda, akaninyanyua. "Bon," alisema. "Miye siko na wakati ya kubishana. Reli inafika kwetu."

Tukashuka, tukaanza kutembea juu ya mataruma.

Nililia muda mrefu, kisha nikauliza lile lililokuwa linanikaba. "Mama, ni mimi nimesimamisha treni?"

Hakugeuka. "Kama ni weye, basi uko na nguvu. Tembea."

Mchana ule tulisikia honi nyuma yetu. Treni ilikuwa inakuja, nzima, kana kwamba haijawahi kuumwa. Tulijibanza majanini. Nyuso zikapita madirishani, na nyuso zile zilikuwa na hakika sasa: tumeshuka, treni imekwenda. Ungewaambia nini? Mama aliinua mkono akawapungia kama anayeaga wageni. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtoka.

Tulilala kwa mlinzi wa reli, mzee aliyetupa ubwabwa na asiulize kitu. Asubuhi tukapanda mlima. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, akivuta mmoja baada ya mwingine na kuyanung'unikia mawe. Tulipofika uwanjani, ukoo wote ulikuwa mkekani, na tonton ameshika wembe, anawanyoa wafiwa kabla ya kuteremka mtoni kuoga. Hakuna aliyetupokea mzigo. Watu wa kijiji waliokuwa kwenye treni walikuwa wametutangulia, na habari pamoja nao.

"Tumesikia," shangazi mmoja akasema. "Hata treni imekukataa."

"Treni imenikataa," mama akajibu. "Miye sikukataa baba."

Akapita katikati yao, akaketi mkekani, akafungua kilemba na kuinamisha kichwa mbele ya tonton. Nilikaa nyuma yake nikishika kitenge chake. Tonton aliitazama ile miguu iliyovimba. Kisha akachovya wembe majini, akamnyoa dada yake polepole. Tangu siku hiyo neno la uchawi halikutajwa tena nyumbani mwao.

Asani alipona. Leo anapenda kujigamba kwamba ndiye aliyeifunga treni, kwa kuwa hakuachiwa mkate. Mimi nimesoma, nimefundisha, nimewaambia wanafunzi wangu habari za injini na vyuma vilivyochakaa. Hata hivyo mjini kwetu bado naona watoto wanaolala sokoni kwa sababu mtu fulani nyumbani alikosa kazi au aliugua, na kosa likatafutiwa kichwa kidogo cha kulibeba, mtoto akaitwa mchawi. Kila nikiwaona namkumbuka mama, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba yeye hakuziamini zile habari, ndiyo maana alikuwa shujaa.

Karibu na mwisho wa maisha yake nilimwambia hivyo yeye mwenyewe. Alinishangaa.

"Nani alikuambia sikuamini? Niliamini kuliko wote mule ndani. Nilijua ni weye."

"Sasa mbona ulishuka na mimi?"

"Ungeshuka na nani?" akasema.