Nilimaliza email kwa heshima, nikaitwa ku biro kujibu kama muhalifu

Wakuu, amani kwenu. Hii imenipata mimi mwenyewe, hapa Nchelenge, na mupaka leo nikikumbuka mwili unasisimka. Siongezi chumvi hata kidogo.

Mimi ni binti, mutoto wa Pweto, upande wa Congo. Tulivuka na familia juu ya vita, tukaingia nchi hii ya Kiingereza. Baba sasa analima mihogo mu kampi ya wakimbizi, mimi ninakaa Kashikishi, humu humu Nchelenge, kwa mama mudogo, muuza samaki. Ninasomea ualimu mu college moja ya mukoa huu. Jina la college mutanisamehe.

Bon. Mbele ya vita, tukiwa bado kwetu, baba alikuwa secrétaire, muandika barua, ku biro ya commune. Yeye njo alitufundisha kuandikia wakubwa. Barua lazima imalizike na ile maneno marefu ya Kifaransa, ya kuonyesha mukubwa kama unamuheshimu. Ukiyaacha, baba anakurudishia karatasi.

Sasa, kulikuwa na kilio ku kisiwa cha Chisenga. Tulienda kuzika. Siku ya kurudi injini ya boti ikakufa, tukabaki kisiwani, na deadline ya assignment ikapita.

Nikamuandikia lecturer. Tumuite Mr. K, mutu mutulivu, ana muke na watoto.

Nikaeleza kilio, nikaomba anisogezee deadline. Mupaka pale, hakuna shida. Alors nikaweka ule mwisho wa baba, nikaugeuza kwa Kiingereza na simu, neno kwa neno. Kilichotoka kilikuwa na maana hii:

"Ninabaki mikononi mwako kabisa, Bwana, saa yoyote utakayonitaka. Pokea hisia zangu za pekee."

Kwa Kifaransa ni adabu tupu, wakuu!

Nikabonyeza send, nikaenda kugeuza samaki juani. Nilikuwa hata na furaha, najiona kama mutu wa biro ya gavana.

Jibu halikutoka kwa Mr. K. Lilitoka kwa HOD, mukubwa wa department: "Njoo ofisini kesho asubuhi. Uje na ndugu yako."

Mimi nikafikiri ni habari ya deadline. Mama mudogo akanisindikiza, amevaa kitenge chake cha kanisa.

HOD ni mama mutu muzima, Mubemba. Mr. K amekaa pembeni, hataki kuniangalia. Email yangu iko juu ya meza, imeprintiwa, mistari ya mwisho imepakwa rangi ya njano.

"Binti, unataka nini kwa huyu mwalimu?"

"Deadline, ba mayo," nikajibu, njo kusema mama kwa Kibemba.

"Na hizi hisia? Saa yoyote atakayokutaka, maana yake nini? Ulikuwa unajitoa akupe maksi?"

Wakuu, masikio yalilia. Mama mudogo aligeuka akaniangalia kama hanijui. Kosa la namna ile mu college yetu ni kufukuzwa, hakuna kujadili.

Mr. K akasema polepole, "Muke wangu njo aliifungua kwenye simu yangu. Amechukua watoto, ameenda kwa dada yake kule Mununga."

Pale nililia kama mufiwa. "Ni heshima! Naandikiaka wakubwa wote vile! Hata nyinyi ba mayo, niliwaandikia juu ya teaching practice. Angalieni!"

HOD akafungua computer, akatafuta jina langu. Akaanza kusoma kwa sauti: "Ninabaki mikononi mwako kabisa, Madame..."

Akavua miwani.

"Awe! Kumbe hata mimi nilitongozwa, na sikujua!"

Hakuwahi kuisoma mupaka mwisho. Akacheka hadi machozi, mama mudogo naye akashika mbavu. Mr. K peke yake hakucheka.

HOD akampigia muke wa Mr. K, akaweka loudspeaker, akanisukumia simu. Nikaeleza na Kibemba changu kibovu, jasho linatoka. Yule mama akauliza, "Na baba yako anaandikaka hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa wanaume wenzake?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema, "Hm. Congo ni mbali," akakata.

Alirudi nyumbani wiki ile ile. Assignment ilipokelewa. Mais Mr. K, mupaka leo nikimfuata na swali, anafungua mulango wote na dirisha.

Nilipompigia baba, alishangaa kuliko mimi. "Donc huko munamalizaka namna gani?"

"Asante, na jina langu."

"Asante tu? Kama unanunua chumvi?"

Wakuu, nilichojifunza: adabu haivuki mupaka yenyewe, lazima uulize wenye lugha. HOD alinionyesha palepale: salamia na cheo chake, sema wewe ni nani na uko class gani, shida yako kwa mistari miwili, unachoomba, asante, kwisha. Na mbele ya kutuma, mupe mutu wa lugha ile aisome. Simu inajua maneno, haijui aibu.

Nyinyi munaosoma kwa lugha ya wengine, ni neno gani liliwahi kuwatia mu matata? Semeni hapa chini, nisijione niko peke yangu.