Nilimuua Shangazi kwa Mdomo, Nikachemsha Mayai

Ndugu msomaji, sitaji jina langu kwa sababu naogopa, na nisikudanganye kuwa ni unyenyekevu. Kosa ni langu peke yangu. Shangazi yangu yu hai Likoni hivi leo, anakoka moto na kupika kama kawaida. Lakini kuna mahali ambapo amekwisha kufa, na aliyemuua huko ni mimi.

Mimi ni kijana wa Changamwe. Nimesoma mpaka chuo cha Kampala, nikarudi na tabia ya kudai ushahidi. Mchungaji akisema jambo, nauliza kajuaje. Daktari akisema, nauliza pia. Wazee wakisema, hao sikuwauliza hata, niliwacheka. Nikimkumbuka kijana yule natamani kutema mate.

Nilikuwa na marafiki wawili. Wa kwanza ni Erasto, ambaye baba yake alinunua lori dogo kuukuu la jeshi vita vya dunia vilipokwisha. Wa pili ni Njoroge, karani wa bandarini, mtu wa bara. Njoroge alikuwa hachoki kutusimulia kwamba kwao ardhi inatoa mvuke kama sufuria, na maporomoko ya maji unayasikia kabla hujayaona.

"Ninyi watu wa pwani mna nini?" akatuuliza. "Mchanga na nazi. Basi."

Liliniuma neno hilo. Nikamwambia kuwa ndani ya msitu wa Shimba, nyuma ya Kwale, kuna maporomoko ya maji, na mbele zaidi, upande wa kilima cha Jombo, kuna chemchemi ya maji ya moto ya kuivisha yai. Nalijua jambo hilo kwa sababu ndiko kwa wazee wa baba yangu.

"Nipeleke nione," akasema Njoroge. "Nikiliona yai limeiva, nitanyamaza mwaka mzima."

Basi tukaanza kupanga. Jumapili mbili tulikaa barazani kwa kina Erasto, tukachora ramani nyuma ya daftari langu: Jumamosi asubuhi tuvuke feri, mchana tufike kwenye maporomoko, alasiri kwenye chemchemi, tulale kwa mwalimu mmoja Kwale, Jumapili turudi. Kizuizi kilikuwa petroli. Siku hizo haikutolewa ila kwa kibali, na kibali hakitolewi kwa vijana wanaotaka kutazama maji yakianguka.

"Kwenu hakuna mgonjwa?" Erasto akaniuliza.

Alikuwapo. Shangazi Umazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado natambaa. Magoti yake yalikuwa yamevimba mwaka wa tatu ule, na kwa miaka yote mitatu aliomba kitu kimoja tu: apelekwe kwenye chemchemi ya kwao akaloweke miguu. Nikaliandika jina lake katika fomu. Sababu ya safari: kumpeleka mgonjwa. Kibali kikatoka bila swali.

Nilikwenda kumpa habari mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona una uso wa mtu aliyeokota pesa?"

"Jumamosi ya wiki ijayo nakupeleka Jombo. Lori tunalo, petroli tunayo."

Aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea, akajifuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akacheka. "Nitarudi nikikimbia. Mtanifunga kamba."

Sasa nikueleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa uchafu wangu. Kule kwetu mgonjwa haendi tu kwenye maji ya moto akajitumbukiza. Hutangulizwa habari kwa mama anayeitunza chemchemi. Mama huyo huenda alfajiri siku saba mfululizo, akasimama ukingoni na kulitaja jina la mgonjwa, ili maji yamjue. Kwa siku hizo saba mgonjwa naye hali chumvi wala hagombani na mtu. Siku ya nane hupelekwa, na siku hiyo maji ni yake. Hakuna mwingine anayeyagusa mpaka yeye amalize.

Mtunzaji alikuwa Bibi Nyevu, binamu yake Shangazi. Shangazi akampelekea habari kwa wanawake wanaoleta mikeka Likoni, akaacha chumvi. Nilimkuta akila mchicha mkavu bila hata nazi, nikamtania: "Shangazi, maji hayana masikio." Akaniambia, "Mimi ninayo. Nyamaza, usinigombanishe."

Jumamosi ikafika. Tulipokuwa tukipakia mizigo Changamwe, Njoroge akahesabu nafasi. Mbele kwa dereva tunakaa watatu. Nyuma kulikuwa na pipa la petroli, mikeka, sanduku la kamera yake na kikapu cha mayai.

"Huyu mama atakaa wapi?" akauliza.

"Mbele," nikasema. "Mmoja wetu akae nyuma."

"Na kwenye maporomoko? Si umesema ni kutembea saa nzima msituni? Tutamwacha barabarani na nyani?"

Erasto akainama kwenye injini. "Tunakwenda kutembea au tunapeleka wagonjwa?" akasema. "Kibali tumeshapata."

Walinitazama. Sitawasingizia, ndugu msomaji. Hawakunilazimisha. Ni mimi niliyesema, kwa kinywa hiki, "Basi tutampeleka wiki ijayo. Nitamwambia lori liliharibika."

Tulipotoka kwenye feri upande wa Likoni, nilimwona kutoka mbali. Alikuwa ameketi kando ya barabara juu ya kigoda, mkoba wa ukili mapajani, leso mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Erasto akaongeza mwendo. Mimi nikainama chini kabisa, nikajifanya nafunga kamba za viatu, na sikuinuka mpaka tulipovuka nyumba za mwisho.

"Kapunga mkono," Njoroge akasema. Akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

Jambo linalonichukiza hata leo ni hili: nilifurahi siku ile. Kwenye maporomoko niliogelea, nikapiga kelele, nikasimama chini ya maji yale baridi nikipigwa picha. Njoroge alikiri kuwa pwani ina kitu. Nikajiona mshindi.

Alasiri tukafika kwenye chemchemi. Maji yanatoka chini ya mawe yakifuka moshi, yananuka kama yai bovu, yanatiririka kwenye matope ya rangi ya kijivu. Bibi Nyevu alikuwa amekwisha kutayarisha. Pembeni, pale maji yanapopoa kidogo, alikuwa amechimba shimo la kutosha mtu kukaa, akalitandika nyasi mbichi. Kando yake palikuwa na kata mpya ya kuchotea maji na kitambaa cheupe.

Tukamwamkia. Akaitikia, akatazama nyuma ya lori, akazunguka, akatazama tena.

"Umazi yu wapi?"

"Bibi, sisi tumekuja kutazama tu," Erasto akasema, "na kuchemsha mayai mawili matatu."

"Mayai?" Akamwangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyesema. "Nimemtaja mtu siku saba. Maji leo ni yake. Ninyi kaeni kivulini, mngojeni. Akichelewa hata kesho, mngojeni."

Njoroge akaninong'oneza, "Mwambie kitu, jua linakwenda."

Nikafikiri upesi, kama nilivyofundishwa kufikiri. Nikisema mgonjwa hakuweza kuja, atasema mleteni kesho. Nikisema yuko njiani, tutangoja. Kulikuwa na sababu moja tu ya kuyafungua maji yale siku ile, na niliijua kwa kuwa mimi ni mtoto wa huko. Njoroge asingeijua. Mgeni yeyote asingeijua.

Nikainamisha kichwa. "Bibi, Shangazi Umazi amefariki. Alhamisi."

Bibi Nyevu akakaa chini palepale kwenye matope. Hakulia. Akavua leso ya kichwani. Kisha akainuka, akaenda ukingoni, akayaambia maji kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na jirani: "Yule niliyemtaja hayupo tena. Msimngoje." Akaipasua ile kata juu ya jiwe. Akazitoa nyasi konzi kwa konzi, akalifukia shimo kwa mikono yake.

"Haya," akatuambia. "Pikeni mayai yenu."

Tulipika. Yaliiva vizuri. Nilikula mawili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Likoni na uongo wangu wa injini mbovu. Kabla sijafika nikasikia vilio. Ua lote limejaa wanawake wa kwetu. Walikuwa wamepanda lori la makaa, wamekuja na unga na kuni za matanga. Mmoja alikuwa ameanguka, anapepewa. Na Shangazi amesimama mlangoni na fagio mkononi, anauliza huku anacheka:

"Lakini nani kafa?"

"Wewe!"

"Mimi? Nani kasema?"

"Mwanao uliyemlea kamwambia Bibi Nyevu!"

Jirani yake, Bi Mwanasha, aliniona kwanza. "Wallahi, huyu hapa," akasema. "Mwulizeni msomi."

Wakageuka wote. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili kizuri kwamba ilikuwa dharura, kwamba maneno ni maneno, hayamuui mtu.

"Ulikuwa ndani ya lori lile?" Shangazi akaniuliza. Hakuwa akicheka tena.

"Nilikuwamo."

"Sikukuona."

"Niliinama."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunitukana. Aliwageukia wageni, akasema, "Jamani, mmetoka mbali. Unga mmeleta wenyewe, ingieni tupike." Wakala chakula cha matanga yake, naye akawagawia.

Wiki ile nilirudi Jombo peke yangu. Nilipanda malori ya watu, nikatembea, nikamwomba Bibi Nyevu anisamehe na amtaje Shangazi upya.

"Kukusamehe naweza," akasema. "Kumtaja siwezi. Maji nimeyaambia amekufa. Nikimtaja tena nitakuwa naita maiti."

"Bibi, maji yale yanapashwa moto na miamba ya chini. Hayajui jina la mtu."

"Basi mbona hukuyaambia ukweli, kama hayasikii?"

Nikachota debe zima, nikalibeba hadi Likoni. Lilifika likiwa baridi na bado linanuka. Nikamwambia Shangazi nitayapasha moto, ni maji yaleyale, hayana tofauti hata kidogo. Aliniruhusu niyapashe. Aliingiza miguu, akakaa muda wa adabu, akaitoa, akaikausha.

"Ahsante, baba," akasema. "Umejitaabisha."

Sasa nakuambia wewe kijana mwenzangu unayechora ramani ya matembezi yako nyuma ya daftari. Kama gari halina nafasi, nenda umwambie mtu wako machoni, na akulaani ukisikia. Usilitumie jina lake kufungulia mlango kisha ukamwacha nje. Na usidhani kuwa jambo usiloliamini wewe halina mwenyewe. Mimi mpaka leo siamini kuwa maji yana masikio. Haikunisaidia kitu. Tumaini la miaka mitatu halikuwa langu, nami nililivunja kwa sababu kwangu lilikuwa upuuzi.

Kila nikimuuliza Shangazi habari za magoti, hunijibu kuwa yamepona. Juzi nilipita bila kubisha hodi, nikamkuta anashuka kizingiti cha jikoni kwa kukalia makalio, kidogo kidogo, mikono miwili chini. Ukiona mzee wenu ameacha kukulalamikia maumivu yake, usishukuru. Kaa chini ujiulize ulimfanya nini.