Siku Niliyoimba Ndani ya Pipa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, wewe ulikuwepo ingawa hukuona kitu, maana ulikuwa bado tumboni mwa mama yako. Ndiyo siku baba yako, msomi wa Form Four, alipokutwa jikoni akionekana miguu peke yake. Mwili wote uliobaki ulikuwa ndani ya pipa.

Wakati huo tulikuwa wageni huku Turbo. Mzungu alikuwa ameuza shamba, tukalinunua kwa kuchanga, watu wengi pamoja, tukagawana vipande kwa kura. Changu kilitokea mbali na mto. Basi kila aliyeezeka mabati alitafuta pipa la kukingia maji ya mvua, na aliyelipata alisalimiwa kama chifu. Mimi sikuwa nalo. Mama yako, mimba ya miezi saba, alikuwa akipanda kilima na mtungi mgongoni, nami nikimpokea mlangoni kwa maneno matamu. Unanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Hata mto niliuona mbali.

Aibu iliponizidi, nikaenda mjini Eldoret kwa Mzee Adan, Msomali aliyekuwa na lori na duka. Nyuma ya duka niliona pipa zuri, limekatwa juu tayari, lina vyuma vichache ndani.

"Hiyo hapana, kijana," akasema. "Ilikuwa na dawa ya kuosha grisi ya mashine. Ngoja wiki ijayo, naleta ya mafuta ya kupikia."

"Nitaiosha, Mzee. Mimi nimesoma kemia."

"Aa, kemia! Basi ilikuambia hiyo harufu inakaa wapi?"

"Hewani," nikajibu, kifua mbele.

Alicheka mpaka akashika ndevu. Kisha akaenda msikitini kuswali, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mfanyakazi wake kwamba tumeelewana. Nikatoa vyuma, nikapakia pipa kwenye trela ya jirani yangu, nikafika nyumbani nikipiga mluzi.

Mvua ilikuwa inanyesha, na baridi ya huku unaijua. Mtu mwingine angeoshea pipa nje. Mimi nililiingiza jikoni, nikafunga mlango na dirisha, moto ukiwaka kwenye mafiga. Chini ya pipa kulikuwa na uchafu mweusi kidogo, umeganda. Nikaumwagia maji moto ili ulainike, nikachukua kitambaa, nikainama mpaka kichwa kikafika chini kabisa.

Harufu yake, mwanangu, ilikuwa tamu. Hapo ndipo inapowapata watu. Mwanzo ilinichoma pua, halafu nikaizoea, nikadhani imeisha. Kichwa kikawa chepesi. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisani, na mama yako anasema niliuimba vibaya kuliko kawaida, jambo ambalo hakudhani linawezekana. Kisha nikanyamaza.

"Baba Njeri!" akaita kutoka nje, kwa jina la dada yako mkubwa. "Wimbo umeishia wapi?"

Hakujibiwa. Alipofungua mlango, harufu ilimrudisha nyuma. Akavuta pumzi nje, akaifunga kifuani, akaingia, akaliangusha pipa kwa bega. Akanishika mshipi akanivuta mpaka kwenye mvua. Mwanamke wa miezi saba! Nilipofumbua macho nilimwona ameshika tumbo, analia na kunitukana kwa wakati mmoja. Nikatapika. Miguu haikunisikia mpaka jioni, na mikono yangu ilibabuka wiki nzima.

Lori likaingia. Mzee Adan alikuwa amekosa pipa lake, akalifuata mpaka Turbo. Aliniangalia pale matopeni, na safari hii hakucheka. Kwanza alikwenda kuuzima moto wetu, akafungua dirisha. Ndipo akachuchumaa karibu yangu.

"Inakaa chini," akasema. "Ni nzito, haipandi. Ndugu yangu alishuka kwenye tangi lenye dawa kama hiyo. Mwenzake akashuka kumtoa. Tulizika wawili. Wewe ungezikwa pamoja na nani? Huyu mama? Na huyo wa tumboni?"

Kemia yote iliniishia. Alilichukua pipa lake, na wiki iliyofuata akatuletea lile la mafuta ya kupikia. Mpaka siku hiyo, maji nilibeba mimi, na akina mama wa mtoni walinipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumapili nilipita gereji yako. Niliona unaosha vyuma kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mikono mitupu, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Hiyo hofu ya baridi umeirithi kwangu, lakini fungua mlango. Kazi hiyo ifanyie nje, vaa glavu, na moto au sigara isikaribie. Usiingize kichwa mahali harufu imetulia, na usiamini pua yako ikikuambia imeisha. Kichwa kikianza kuzunguka, au ukijikuta unacheka bila sababu, toka. Mwenzako akianguka ndani ya tangi, usimfuate, ita watu. Daktari aliniambia dawa hizi, ukizivuta kila siku, hula ini na ubongo polepole, na mtu hajui mpaka amechelewa. Chombo kilichozibeba kisiguse maji wala chakula, hata ukikiosha mwaka mzima.

Na ile chupa ya soda uliyoitia thina ukaiweka dirishani, mwanangu! Mtoto wako ameanza kutembea. Iache barua hii hapo mezani, nenda uitoe sasa, halafu urudi umalizie.

Umerudi? Haya. Mungu akulindie hayo mapafu ambayo mama yako aliyabeba akivuta mjinga kutoka kwenye pipa. Akujalie mikono mizima, nyumba yenye madirisha wazi, na mkeo asikie kila mara wimbo wako ukikatika.