Tamko la Kurasa Mbili

Kwa miaka kumi na minne alikuwa katibu wa chama cha wataalamu wa maji, kazi isiyo na mshahara ambayo kila mwaka aliapa kuiacha na kila mwaka wenzake wakampigia makofi aendelee. Riziki yake ilitoka maabara, alikokuwa mkemia. Kila baada ya miezi miwili alizunguka bondeni na utepe wa kupimia, akautumbukiza visimani, akaandika kina cha maji kwenye daftari. Lakini watu walimwita Katibu tu, hata msibani, naye jina hilo lilimkaa vizuri. Hakuna aliyejua kumaliza mabishano kama yeye.

Mwaka ule chama kiliamua kutoa tamko kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Vikao vinne vilikwama kwenye sentensi moja. Walikutana ghorofani, juu ya maabara, kwenye meza iliyowekewa ripoti za zamani chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Mtafiti wa udongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alitaka iandikwe hivi: "Visima vifupi vya bondeni vitakauka."

"Sisi si wapiga ramli," mwenyekiti alisema. Alikuwa profesa mstaafu, muungwana, mwoga wa magazeti. "Kesho mvua ikinyesha watatucheka."

"Wacheke! Takwimu anazo Katibu. Muulizeni."

Wote wakamgeukia. Takwimu alikuwa nazo kweli. Miaka kumi na miwili, na kila mwaka namba ilikuwa mbaya kuliko ya mwaka uliotangulia. Lakini saa saba ilikuwa imepita, njaa inauma, wajumbe wawili walishafunga mikoba yao, na wakitoka tu akidi imevunjika.

"Tuseme 'huenda vikapungukiwa maji,'" alisema. "Hapo sote tunaweza kutia sahihi."

Mwenyekiti akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye katibu!"

Mtafiti wa udongo alitia sahihi wa mwisho, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. "Umeokoa kikao," alimwambia Katibu wakishuka ngazi. "Bonde sijui."

Haikupita miezi miwili, kaka yake Katibu akapiga simu. Alikuwa amestaafu ualimu wa useremala, na tangu utotoni alikuwa na raha ya kumtania mdogo wake wa kike.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, daktari wa chupa. Sikia. Nimepata kiwanja bondeni, kina kisima chake. Nataka kuweka kitalu cha miche, kiinua mgongo chote kiishie pale. Maji yatanitosha? Nyinyi wataalamu mnasemaje?"

Alikuwa anabandika lebo kwenye chupa za sampuli, simu ameibana begani. Jibu lilimfika kwenye ulimi. Akafikiri: katibu hawezi kusema jingine na karatasi yenye sahihi yake ikasema jingine.

"Tumetoa tamko, kaka. Kurasa mbili tu. Nakutumia."

"Nitumie, nitumie!"

Akamtumia, na hata akajivunia kidogo ile nembo ya chama iliyokaa juu. Akajiambia kesho atampigia wazungumze vizuri. Kesho ikaja na kazi zake.

Kaka alivaa miwani, akamsomea mkewe tamko zima kwa sauti. "Wanasema huenda," alisema akikunja karatasi. "Huenda hata mimi nikawa mfalme." Wakacheka wote wawili, na wiki iliyofuata akaanza kuchimbia nguzo za kivuli.

Miaka mitatu ilikwenda vizuri. Michungwa, mipapai, milimau, kila mche kwenye mfuko wake mweusi, na watu wakija na mikokoteni. Mwaka wa nne mvua zilichelewa kuja zikawahi kuondoka. Pampu ikaanza kutapika tope. Mafundi waliongeza kina mita mbili, wakagonga mwamba, wakakusanya kamba zao.

Katibu alifika Jumamosi asubuhi. Alimkuta kaka yake ameketi kwenye kigoda, anamwaga udongo mkavu na kuikunja mifuko. Naye akachukua mfuko, akamwaga.

"Hiki kisima ulikuwa unakipima?" kaka aliuliza.

"Hiki hapana. Nilikuwa napima cha shule na cha zahanati, hapo juu."

"Vilikuwa vinashuka?"

"Vilikuwa vinashuka, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniuliza."

Angefoka ingekuwa nafuu. Watu wanaofoka aliwazoea vikaoni. Kaka alikung'uta mfuko, akauweka juu ya mingine, akausawazisha kwa kiganja kama alivyokuwa akisawazisha mbao.

"Mimi nilimuuliza mdogo wangu," alisema. "Nikajibiwa na chama."

Wiki ile ile Katibu aliandika barua kuomba tamko lirekebishwe. Kikao cha kwanza akidi haikutimia. Cha pili mwenyekiti aliumwa. Mwaka ukaisha. Kikao kilipofanyika hatimaye, Katibu safari hii hakumaliza mabishano: alisoma daftari lake kisima kwa kisima, namba kwa namba, mpaka mjumbe mmoja akamwomba akae, naye hakukaa. Baada ya mwaka mmoja na nusu sentensi ilinyooshwa kama mtafiti wa udongo alivyotaka tangu mwanzo, ikasomwa redioni, ikabandikwa kwenye maduka ya pampu. Inasemekana wawili watatu waliacha kuchimba bondeni. Kaka yake alikuwa ameshahamia kwa binti yake mjini, anatengeneza viti vya shule.

Ukatibu aliuacha, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kila Jumapili anampigia kaka. Wanaongelea magoti, wajukuu, mpira. Utani upo, ila jina la daktari wa chupa halitajwi, wala hajaulizwa tena swali lolote la maji. Juzi alijaribu kuanza mwenyewe.

"Kaka, huko mjini mwaka huu wekeni akiba ya maji mapema, maana vipimo vyetu…"

"Haya, haya," kaka alimkatiza kwa upole. "Ngoja nikupe wifi yako, anataka kukusalimia."

Wifi akapokea, akamsalimia vizuri sana.