Spana Ndiyo Iliyomng'oa Jino

Neno lililomchefua fundi mashine kuliko matusi yote ni pole. Matusi angeyajibu, tena kwa nyongeza. Lakini pole utaijibuje? Yuko njiani na mfuko wake wa spana begani, anakwenda kutengeneza mashine ya kusaga ya watu, mara mwanamke anaona lile pengo la mbele, anainamisha shingo kama yuko msibani. "Pole, dada." Halafu macho yanakimbilia kwenye kibanda cha cherehani cha mumewe.

Wapumbavu! Jino liling'olewa na spana. Hiyo ndiyo kweli, na kweli haina mbili. Alikuwa analegeza nati yenye kutu. Spana ya saizi yake mtu kaazima hajarudisha, basi akachukua spana malaya, ile ya kupanua na kubana taya, ambayo mafundi wameipa jina hilo kwa kuwa haichagui nati. Haichagui, lakini pia haishiki vizuri usipoibana. Hakuibana. Mpini ulikuwa na grisi, hakuufuta. Na uso kauweka palepale anapovutia. Spana ikachomoka, ikamkuta mdomoni. Akatema damu, akatema jino, akamaliza kazi ya watu.

Alipoulizwa alijibu, "Spana iliteleza." Wanawake wakatazamana. Maana mke aliyepigwa hakosi la kusema: nimejigonga mlangoni, nimeanguka bafuni. Nao wakaona spana ni mlango mwingine tu. Kadiri alivyosema kweli, ndivyo alivyoonekana anamsitiri mume. Ikafika mahali mke yeyote akipigwa, bombani wanasemezana, "Fulani jana kala spana," wanacheka.

Na huyo mume sasa! Mtu akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi. Kazi yake kushona sare za shule, na kina mama wakaanza kukataa mabinti zao wapimwe naye. Mmoja alimvuta mwanawe mlangoni kabisa. "Twende, huyo mkono wake mwepesi." Mume alisikia. Akafunika cherehani kwa shuka mchana kweupe.

"Mama, mimi nahama," akamwambia mkewe. "Nakwenda kwa kaka."

"Unahama kwa kosa la nani?"

"Nimechoka kutazamwa."

"Wahame wao na midomo yao!"

"Wao ni mtaa mzima, mke wangu. Mimi ni mmoja. Ukitaka, njoo. Ukitaka, baki na mashine zako."

Fundi alishazoea kugombana na watu wote, ila si na huyu, maana huyu hagombani. Akisema anaondoka, anaondoka.

Kesho yake mashine ya mtaa ikagoma. Mkanda umelegea, unazunguka bure. Fundi akaitwa, akakuta wanawake wamepanga ndoo zao za mahindi, na mbele kabisa yupo Tarumbeta. Jina hilo alipewa kwa sauti yake, na ndiye aliyelitembeza lile jino nyumba kwa nyumba.

"Pole, shoga," Tarumbeta akaanza. "Na hali hiyo bado wanakutoa uende kazini?"

"Hali gani?"

"Aa, mimi simo. Ya ndani ni ya ndani."

"Nani kaning'oa jino, Tarumbeta? Sema hapa, watu wakusikie."

"Si wewe ulisema spana?" Akawageukia wenzake. "Ila chuma hakina mkono, jamani. Chuma kinarushwa na mwenye mkono."

Wakacheka kwa pua. Fundi akahisi masikio yanawaka. "Njooni mtazame spana inavyoteleza!" akafoka. Akainama kwenye nati ya kwanza ya kitako cha injini, ailegeze injini isogezwe, mkanda ukaze. Lakini mikono ina mazoea yake. Ikachagua spana ya saizi yake bila kumwuliza, ikaufuta mpini, ikaikalisha spana mpaka ndani, miguu ikajipanga, akavuta polepole, nati ikatii kama mtoto wa shule.

"Mbona haitelezi?" akauliza Tarumbeta.

Kicheko kilichozuka hapo kingeweza kusaga mahindi peke yake. Fundi akabaki na spana mkononi, ufundi wake mwenyewe umetoa ushahidi wa uongo dhidi ya mumewe!

"Haitelezi kwa kuwa nimeishika mimi! Hii ya pili vuta wewe." Akamsukumizia spana malaya. "Vuta, ewe mjuzi wa vyuma."

Tarumbeta akajifunga nguo kiunoni, akaipachika spana hovyo, taya limeachama kama mdomo wake. Fundi alikuwa ameapa moyoni kunyamaza. Akaumie! Lakini fundi gani anaweza kutazama hayo?

"Bana taya!" ikamtoka. "Halafu igeuze. Taya linalotembea liangalie kule unakovutia."

"Usinifundishe kuvuta, mimi nimezaa mapacha."

"Basi toa uso hapo! Uso, mwanamke!"

Hilo moja alilisikia. Akapeleka kichwa pembeni, akavuta kwa mwili mzima. Spana ikachomoka. Mpini ukapita palepale mdomo ulipokuwa, ukamparua chini ya jicho, na yeye akaketi kitako ndani ya ndoo ya mahindi ya mtu.

Jicho likaanza kuvimba watu wanatazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na mzigo wake akashika shavu. "Maskini, Tarumbeta! Mumeo tena?"

"Mume wangu yuko safarini!" Tarumbeta akapiga yowe toka ndani ya ndoo. "Ni spana! Waulizeni hawa! Spana imeteleza, ndiyo hiyohiyo iliyomng'oa jino mwenzangu, mbona hamsikii?"

Safari hii sauti ile ilifanya kazi ya maana. Alitoka pale akipita nyumba kwa nyumba, jicho limefumba, anaapa kwa wazazi wake, maana mumewe akirudi asikute mtaa umeshamhukumu. Kabla mashine haijawaka akatokea kwenye kibanda cha cherehani, kamshika mjukuu wake mkono. Hakumtazama fundi mashine, ambaye alikuwa amekimbilia hapo nyumbani kuchukua tupa ya kukwangulia chuma.

"Mpime huyu," akamwambia mume. "Sare ya shule. Shemeji, usimbane kwapani."

Mume akaondoa shuka juu ya cherehani. Akatafuta tepu yake.

"Na radhi je?" fundi mashine akauliza.

"Si nimemleta mtoto?"

"Nimeuliza radhi!"

"Mama, inatosha," akasema mume, tayari amepiga magoti mbele ya mtoto.

"Haijatosha," akajibu, akatoka na tupa yake kwenda kuihangaikia ile nati ya pili, ambayo Tarumbeta alikuwa ameila kona zote.