Jogoo wa Dani Akeyo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikitaka kuisahau watu wa Rangwe hawaniruhusu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba, na niliamini hakuna mwigizaji wa kunishinda kuanzia Homa Bay mpaka Migori.

Tulikuwa na kikundi cha maigizo na mashairi. Kiongozi wetu, Mwalimu Atieno, alitunga mchezo kuhusu haki ya raia kuhudumiwa na serikali bila kutoa kitu. Mimi nilikuwa naibu wa chifu, mla rushwa. Niliazima sare ya kaki ya mjomba, nikaweka kifimbo kwapani, na kila aliyekuja kutaka barua nilimuuliza, "Umekuja mikono mitupu?" Tuliigiza siku ya soko. Watu walicheka mpaka wauza samaki wakaacha meza zao, na mwishoni nilipigiwa makofi kama mtu aliyeshinda kiti cha ubunge.

Badala ya kwenda kuvua ile kaki, nilikaa nayo nje ya kibanda cha chai ili nionekane vizuri. Hapo akaja bibi mmoja aliyetoka mbali na hakuuona mchezo. Jina lake Akeyo, nasi tulimwita Dani, kama tunavyowaita nyanya zetu. Alikuwa na jogoo mkononi.

"Mkubwa," akasema, "mjukuu yangu anataka kitambulisho. Barua ya chifu nimefuata ofisini mara tatu, nakuta imefungwa." Akaninyooshea yule jogoo. "Hii ni ya chai."

Mwanangu, neno moja tu lingetosha. Lakini vile aliniita mkubwa, kichwa kilivimba. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ileile ya mchezoni, "Njoo kesho asubuhi pale ukumbini." Jogoo nikampokea. Tulimla mchana huo, kikundi kizima. Niliwaambia ni zawadi ya shabiki, na paja nikampa Mwalimu Atieno kwa heshima.

Asubuhi tukiwa kwenye mazoezi yetu pale ukumbini, Dani akaingia na mjukuu wake, Adhiambo, akauliza mkubwa yuko wapi. Mimi nilikuwa kwa fulana na kaptura, nimejibana nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa fupi. Miguu yangu aliijua, sijui vipi, akaja moja kwa moja.

"Dani," nikamwambia, "mimi si naibu wa chifu. Nilikuwa naigiza tu."

Akaniuliza, "Na jogoo yangu, pia ilikuwa inaigiza?"

Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alikuwa amekula. Mwalimu Atieno akakunja karatasi zake polepole, akaniambia, "Mchezo wote ule umeukariri, na hukusikia hata mstari mmoja."

Nilitamani sakafu inimeze. Mchana huo nilimpelekea Dani jogoo wa kwetu, na mama alinisema njia nzima. Kisha tukamsindikiza ofisini na mjukuu wake, sisi sote tisa, ngoma tukiwa tumezibeba. Naibu wa chifu wa kweli alipotuona tukiingia, aliandika barua kabla hata hatujaketi. Adhiambo akapata kitambulisho chake.

Kabla ya siku ya soko iliyofuata, Mwalimu aliuandika upya mchezo. Dani aliigiza nafsi yake, na kila tulipouigiza hakusema maneno yaleyale mara mbili. Makofi yote yalikwenda kwake.

Nakuambia haya kwa sababu nasikia wewe na wenzako mnaandaa mashairi ya haki za binadamu mkayasome Sori. Nendeni, mwanangu, na mseme kwa sauti. Lakini jueni kwamba kulisema jambo jukwaani ni rahisi kuliko kuliishi ukishashuka. Mtu mwenye shida akikufuata baada ya makofi, usimwambie aje kesho. Mwambie ukweli kwamba wewe huna muhuri, kisha umsindikize kwa aliye nao.

Mungu akupe sauti inayofika hadi nyuma ya umati, mwanangu, na akupe aibu ya kutosha kuuzuia mkono wako.