Kijerumani cha Jikoni

Mwaka huo nilikuwa karani katika kampuni ya utalii katikati ya jiji. Meneja alitangaza kwamba atakayefaulu daraja la pili la Kijerumani atapewa meza ya wageni kutoka Ujerumani. Meza yenyewe ilikuwa kando ya dirisha. Nikajiandikisha darasani siku hiyo hiyo.

Daraja la kwanza nilikuwa nimelipita kwa kusema ninaitwa nani na ninapenda muziki. La pili halikujali ninapenda nini. Lilitaka nijue kwamba kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala yule. Mimi niliyezaliwa Nairobi, niliyesema "kitu yangu" na "viatu yako" maisha yangu yote bila kumwomba mtu radhi, sasa nilitokwa jasho kwa ajili ya jinsia ya kijiko.

Jumamosi moja nilikuwa sebuleni kwangu Kileleshwa nikisoma kwa sauti. Jikoni alikuwapo mama wa makamo kutoka Ukambani, aliyekuwa na miezi mitatu akinisaidia kazi za nyumbani na kumlea binti yangu. Nilimwita auntie.

"Ich habe nach Hause gegangen," nikasema, nikimaanisha nimeenda nyumbani.

"Bin," auntie akasema.

Nikadhani ni bin ya Kiingereza, kwamba anatafuta pipa la taka. "Iko nje, auntie, hapo kwa ngazi."

"Si hiyo, madam. Ich *bin* nach Hause gegangen. Ukienda ni bin. Ukikula ndio habe."

Nikaweka kitabu chini. Kumbe alikuwa amefanya kazi miaka tisa Kitisuru, kwa familia ya Wajerumani, akawalea watoto wao wawili mpaka wakarudi kwao.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama najua kupika chapati."

Tangu hapo nilisomea jikoni, yeye akikata sukuma wiki, mimi nikisimama kando ya friji na daftari. Hakujua jina la kanuni hata moja, wala hakukosea. Nilipomuuliza kwa nini sentensi fulani inataka dem badala ya den, alinitazama kwa huruma. "Hiyo ingine inasikika vibaya," akasema. Nilikuwa nikimlipa mwalimu wa darasani ili anieleze jambo hilo hilo kwa kutumia jedwali.

Nilichochelewa kutambua ni kwamba auntie alikuwa amejifunza Kijerumani cha kuwaambia watoto.

Kwenye mtihani wa kuzungumza nilipangwa na mtawa wa Kikatoliki, mwanamke mpole mwenye sweta begani. Tuliambiwa tupange matembezi ya pamoja. Mtawa akapendekeza, polepole, twende makumbusho. Kichwa changu kikawa cheupe, na mdomo ukasema wenyewe, "Erst wird aufgeräumt!" Yaani kwanza vitu vipangwe mahali pake.

Mtawa akakubali. Akauliza tukutane saa ngapi.

"Zieh die Jacke an, sonst wirst du krank!" nikamwamuru avae koti asije akaugua. Maskini mtawa, pengine kwa mazoea ya utii, akaanza kuvaa sweta yake. Mtahini akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

Nilipita. Alama za kuzungumza zilizidi zote nyingine, na pembeni mtahini aliandika kwamba matamshi yangu ni kama ya Mjerumani mwenyewe. Nikahamia dirishani. Wageni wa kwanza kutoka Ujerumani walikuja wiki iliyofuata, mume na mke, nikawaamkia kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi siku mbili. Wakanisifu sana, kwa Kiingereza, wakaendelea kwa Kiingereza hadi walipoondoka. Waliowafuata nao hivyo hivyo.

Baada ya miezi michache auntie akasimama mlangoni mwa sebule, mikono ikiwa nyuma. Familia nyingine ya Wajerumani ilikuwa imehamia Muthangari na ilitaka mtu. "Wanasema nilete barua, madam. Ya kusema mimi ni mtu wa aina gani."

Nilitaka kukataa. Badala yake nikaketi nikaiandika, kwa Kijerumani, kwa kiburi cha mtu mwenye cheti. Kisha nikamsomea: ni mwaminifu, ni mvumilivu, anaelewana vizuri mit die Kinder, yaani na watoto.

"Mit *den Kindern*," auntie akasema.

Nikafuta, nikaandika upya, nikatia sahihi. Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa kazini nibaki nyumbani na mtoto.